Sura ya Nne: Amina Nyuma ya Pazia

"Damu," alisema mkuu wa kituo.

Alikuwa amesimama mbali na meza yake mwenyewe, maana juu ya meza hiyo lilikuwa limetandazwa gauni jeupe la mikono mirefu lenye doa kubwa kifuani, na yeye, pamoja na nyota zake zote za mabegani, hakutaka kulisogelea.

"Nani kakuambia ni damu?" aliuliza Inspekta Ndimu.

"Macho yangu."

"Macho yako yana miwani, afande, na miwani umeiacha kwenye gari."

Ndimu halikuwa jina lake. Alipachikwa na wenzake kituoni kwa sababu ya uso wake, ambao ulikunjamana kila alipoletewa uongo, na kazi ile ilimletea uongo asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya kutembelea na si vya kusimamia. Aliinama juu ya gauni akalinusa bila haya, akalowesha ncha ya leso kwa maji ya glasi, akagusa doa.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mke wa mchungaji wa kanisa lile kubwa la barabara ya stendi, ambaye watu wote walimwita Mama Mchungaji, alikuwa hajaonekana tangu Jumapili mchana. Mchungaji alitoa taarifa kwamba ametekwa. Jumatatu, wafagizi walikuta gauni lake kwenye shimo la taka nyuma ya kanisa. Siku hiyohiyo mtu mmoja akakumbuka kumwona mwalimu wa kwaya Jumapili jioni akivuka barabara na sanduku la nguo la Mama Mchungaji, na kabla polisi hawajafika, vijana wa ulinzi wa kanisa walikwisha kumpa mwalimu wa watu kipigo cha kiroho. Sasa alikuwa mahabusu, na alasiri ya leo gari lingempeleka mahakamani kwa shauri la mauaji.

Mauaji bila maiti! Lakini mkuu wa kituo alikuwa pia mzee wa kanisa hilohilo, anayekaa benchi la pili, na benchi la pili lilikuwa limekwisha kutoa hukumu.

"Damu ikikauka inakuwa kahawia," alisema Ndimu, akimwonyesha leso. "Hii imebaki zambarau, inanata, na inanukia utamu. Ni juisi ya zabibu, ile mnayokunywa meza ya Bwana. Wewe mwenyewe umeinywa Jumapili ukafumba macho."

"Maabara ndiyo itakayosema."

"Itasema, mwezi ujao, mwalimu wa kwaya akishaota ukungu rumande." Aligeuza gauni. "Tazama na huku. Vifungo viko mgongoni, kutoka shingoni mpaka kiunoni, na vyote vimefungwa. Mtu hakuvuliwa kwa vifungo. Mshono wa ubavuni ndio uliofunguliwa. Haukuchanwa, afande, umefumuliwa. Uzi umekatwa pole pole na kitambaa hakijaguswa. Muuaji gani huyo mwenye subira ya kukaa chini akafumua mshono?"

Mkuu wa kituo alitafakari kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu anayetafakari.

"Shetani ana mbinu nyingi," alisema.

Ndimu alilikunja gauni, akalitia kwenye mfuko, akaenda zake mahabusu kabla mdomo haujamponza.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaa sakafuni, jicho moja limevimba likafumba. Mwembamba, shati limechanika kola. Pembeni yake alilala mlevi wa mtaa, mteja wa kudumu wa chumba kile, akikoroma kwa vituo.

"Ulibeba sanduku lake," alisema Ndimu kupitia nondo.

"Nililibeba."

"Ukalipeleka wapi?"

Mwalimu alivuta kola iliyochanika.

"Gauni lilifikaje shimoni?"

"Nililitupa mimi."

"Mungu wangu! Wewe unajua alasiri unakwenda kwa mauaji?"

"Yuko hai, afande."

"Wapi?"

"Niliahidi sitasema."

"Uliahidi. Jicho lako umeliona kwenye kioo?"

"Tangu aolewe, mama yule hajawahi kutunziwa siri," alisema mwalimu wa kwaya. "Akiugua, inatangazwa. Akigombana na mumewe, inaombewa kwa kipaza sauti. Acha hii moja itunzwe."

"Mwambie tu, mzee," alisema mlevi bila kufumbua macho. "Watu tunataka kulala."

Ndimu alimtazama yule mwembamba akatamani kumzaba kibao. Kanisa moja, wanaume wawili: mmoja hafungi mdomo, mwingine haufungui, na wote wawili wanajiona wamemtendea mwanamke wema. Alimwambia koplo wa zamu asiruhusu mtu yeyote wa kanisa kumsogelea mahabusu huyo, hata kwa maombi. Hasa kwa maombi.

Nyumba ya mchungaji ilikuwa ya kanisa, na ilihakikisha kila aingiaye analijua hilo. Viti vya sebuleni vilivikwa vitambaa vilivyotariziwa jina la idara ya akina mama. Ukutani palikuwa na ratiba ya wageni. Mlango wa jikoni haukuwa na komeo. Palibaki matundu ya misumari tu, pale lilipong'olewa.

"Tuliling'oa sisi," alieleza Mama Kamati kwa fahari. "Dada wa huduma wakija kupika wasikwame nje."

Mama Kamati alikuwa mwenyekiti wa idara hiyo, mwanamke mpana aliyevaa nyeupe tupu, na alikuwa amemfungulia Ndimu mlango kama mwenye nyumba. Mchungaji alikaa kwenye kiti kikubwa, ananukia marashi, leso mkononi, macho makavu. Mezani kulikuwa na rundo la mabango yaliyotoka kiwandani asubuhi ile, wino bado unanuka: TUOMBE PAMOJA NA MTUMISHI KATIKA JARIBU LAKE. Picha ya Mchungaji ilijaa bango zima. Mkewe alikuwa kwenye kona ya chini, na hata pale mkono wa mumewe ulikuwa umemkata nusu ya uso.

"Hili ni la kumtafuta?" aliuliza Ndimu.

"Ni la mkesha wa Ijumaa," alisema Mchungaji.

"Kwa hiyo mtu akimwona barabarani atamtambuaje? Kwa sikio?"

"Inspekta, roho zitamtambua."

Ndimu alikaa bila kukaribishwa. "Mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini?"

"Jumapili, baada ya ibada. Mezani. Tulikula kwa amani. Chakula kilikuwa chapwa kidogo, lakini nilivumilia."

"Alisema chochote?"

"Hakusema kitu. Mke wangu hakuwa mtu wa maneno."

"Hakuwa?"

Mchungaji alipangusa paji la uso. "Si mtu wa maneno."

"Umempigia simu mara ngapi tangu Jumapili?"

"Tunamwita kwa maombi, usiku na mchana."

"Kwa simu, Mchungaji. Hiyo iliyo mfukoni mwako."

"Watekaji watakuwa wameichukua simu yake. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi, tangu saa ile, sijaonja usingizi, nimekuwa nikijiuliza ni mkono gani wa adui..."

"Bwana asifiwe!" iliita sauti ya muuza maziwa mlangoni.

"Amina!" alisema Mchungaji, akaendelea, "...ni mkono gani wa adui ulioingia katika nyumba yangu."

Mama Kamati naye aliitikia, huku anamkemea msichana wa huduma kwa jicho. Msichana aliitikia akiwa na sinia mikononi. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyekatiza alichokuwa anafanya. Ndimu alisikia ile Amina ikitoka katikati ya uongo, safi, haina hata tone la uongo juu yake, kama goti linaloruka daktari akiligonga. Aliiweka akilini. Mume aliyepotelewa na mke na hakujaribu simu yake hata mara moja, hilo nalo aliliweka, mahali pa karibu zaidi.

"Nionyesheni chumba chake."

Aliyemwonyesha ni Mama Kamati. Kabati la nguo lilikuwa limegawanywa kwa vibao vidogo: Jumapili, Misiba, Wagonjwa, Wageni. Magauni yote marefu, yote yenye vifungo mgongoni.

"Kwa nini mgongoni?"

"Tulikubaliana kwenye kikao. Vifungo vya mbele vinavuta macho. Mke wa mtumishi ni kioo cha kanisa, Inspekta."

"Na kioo kinajifungaje vifungo vya mgongoni?"

"Kuna dada wa zamu. Anakuja asubuhi anamfunga, na jioni anakuja kumfungua."

Ndimu alidhani amesikia vibaya. "Mumewe yupo chumba hikihiki."

"Mtumishi ana mambo makubwa ya kufikiria," alisema Mama Kamati. "Sasa Jumapili jioni dada wa zamu kaja, hakumkuta. Na unajua kwa nini hakumkuta? Kwa sababu alikwisha kupata wa kumfungua." Alisogea, akashusha sauti, na utamu wa umbea ukamwingia usoni. "Yule mwalimu wa kwaya. Mazoezi ya sauti, mazoezi ya sauti, kila Alhamisi. Sisi tunaona. Mimi nilimwambia mama kwa mdomo wangu, mwanangu, ukiimba usifumbe macho sana, watu watafikiri unafurahia."

"Kwa hiyo mwalimu alikuwa mpenzi wake, halafu akamuua."

"Dhambi haina mpangilio."

"Naona. Na magauni haya nani anashona?"

"Fundi mmoja nyuma ya soko. Si wa imani yetu kabisa, lakini ana mkono mzuri, na hana maneno."

Fundi asiye na maneno. Ndimu alishukuru, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile shukrani yake ilikuwa ya kweli. Mpenzi hafumui mshono. Mpenzi anafungua vifungo, na akiwa na haraka anavikata. Anayeona mshono kabla ya kifungo ni mtu mmoja tu, yule aliyeushona.

Nyuma ya soko palikuwa na ujia mwembamba wa mafundi, cherehani zikipiga kelele mlango kwa mlango. Duka la fundi huyo lilikuwa la mwisho. Lilikuwa na cherehani moja, meza ya kukatia, vipande vya vitambaa sakafuni, na nyuma kabisa pazia la kupimia nguo, limefungwa. Fundi alikuwa mwanamke mrefu mkavu, utepe shingoni, pini mdomoni. Alimtazama Ndimu, akatazama viatu vyake, akajua ni polisi.

Ndimu alilitandaza gauni mezani. "Kazi yako?"

"Kushona ni kwangu," alisema fundi kwa pembe ya mdomo isiyo na pini.

"Na kufumua?"

"Mafundi ni wengi ujia huu."

"Wengi, ila anayejua mshono huu umepita wapi ndani ya bitana ni mmoja."

Fundi alitoa pini moja baada ya nyingine akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa. Ndimu alitazama cherehani. Chini ya sindano palikuwa na gauni la kawaida la rangi ya majani, karibu limalizike, lina vifungo vikubwa vya kahawia, mbele.

"La nani hili?"

"La mteja."

"Vifungo mbele."

"Watu wengine wana mikono yao," alisema fundi.

Kwenye meza ya kukatia, kati ya mikasi na chaki, palikuwa na vikombe viwili vya chai, na vyote viwili vilifuka mvuke. Ndimu aliviona, na fundi aliona kwamba ameviona, na wote wawili wakaviacha. Pazia lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Angeweza kulivuta. Lakini hakuwa na hati ya kupekua, na zaidi ya hapo, alikuwa ametoka kwenye nyumba ambayo kila mtu alivuta kila pazia la mwanamke yule alivyotaka. Hakuona raha kuwa wa kumi na ngapi sijui.

Basi alilikunja gauni taratibu, akaaga kwa kichwa, akafika kizingitini. Hapo akageuka na kupaza sauti, ile ya mimbarini, yenye kifua:

"Haya jamani. Bwana asifiwe!"

Fundi alimkodolea macho, maana kwake salamu haikuwa hiyo.

"Amina!" ilijibu sauti nyuma ya pazia.

Ilikuwa Amina ya benchi la mbele, ya wazi, ina mkia mrefu wa kuwavuta waliochelewa. Ilijaa duka lote. Fundi alifumba macho pole pole.

"Nilimwambia asikohoe," alisema. "Nilimwambia asipige chafya. Hilo sikulifikiria."

Pazia lilisogea. Aliyetoka alikuwa mwanamke mdogo kuliko picha ya bango, kavaa sketi ya kuazima iliyomburuza, kichwa wazi, nywele fupi, amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Macho yake yalicheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Mdomo huu," alisema alipoviondoa. "Wakinizika mtu akapita juu ya kaburi akasalimu, nitaitikia. Wewe ni polisi?"

"Inspekta. Kaa, mama."

"Utanirudisha?"

"Mimi si kamati. Mtu mzima akitoka kwake kwa miguu yake, kwangu mimi hajapotea. Nataka kujua tu kilichotokea."

Alikaa kwenye kigoda cha fundi, akaeleza, na sauti yake ilikuwa kavu kwa hasira iliyokaa muda mrefu. Mama yake mzazi alifariki mwezi uliopita. Msibani, alipoanza kulia, Mama Kamati alimpa leso akamwambia, futa, wanatutazama. Jumapili iliyofuata mumewe alihubiri juu ya imani, na mfano wake ulikuwa mkewe: tazameni, kazika mama yake na hakutoa chozi. Kanisa likapiga makofi. Akapanda tena mimbarani na mfano huo Jumapili ya pili, na ya tatu, kila mara akiongeza kitu, hadi ikafika mahali mama yake alikufa akitabasamu.

"Mama yangu hakutabasamu," alisema. "Mama yangu alikufa anahema. Nilikuwepo, nilimshika mkono. Na mimi nilitaka kumlilia, nipige kelele hadi majirani waje. Wameniibia hata msiba."

Fundi alimwekea kikombe mkononi.

"Jumapili hii nilimuaga mume wangu," aliendelea. "Mezani, mchana."

Ndimu alikunja uso. "Ulimuaga? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Nilimwambia, naondoka, sirudi."

"Akajibu nini?"

"Mwulize mwenyewe. Uone kama anakumbuka." Alikunywa chai. "Kisha nikaenda chumba cha nyuma cha kanisa kuosha vikombe vya meza ya Bwana, maana ilikuwa zamu yangu, na kila siku ni zamu yangu. Sanduku nilikuwa nimelificha huko. Juisi ilikuwa imebaki kwenye jagi. Nikaitazama, nikajimwagia. Makusudi kabisa. Nilitaka nione kama gauni lile linaweza kuchafuka. Halafu sasa, Inspekta, nikataka kulivua na sikuweza. Vifungo viko nyuma. Nimeamua kuiacha nyumba, nimeamua kuacha kila kitu, na nimesimama pale nalia kwa sababu siwezi kutoka ndani ya nguo! Mwalimu wa kwaya akanikuta. Hakuuliza. Alinivika joho la kwaya juu ya yale madoa, akatangulia na sanduku, nami nikamfuata kwa mbali hadi kwa huyu dada."

"Na vifungo hakuvigusa," alisema Ndimu.

"Aligeukia ukuta hata fundi alipokuwa anafumua. Nikamwomba alirudishe gauni, maana ni mali ya kamati. Nadhani aliona shimo la taka ndipo pake."

"Ndipo pake, kweli. Ila watu walimwona." Ndimu alijua lililofuata litauma, akalisema wazi. "Yuko mahabusu, mama. Wamempiga. Alasiri hii anapelekwa mahakamani kwa kukuua wewe, na hataki kusema uko wapi kwa sababu alikuahidi."

Kikombe kiligonga meza.

"Kwa kuniua? Mume wangu anajua nimeondoka."

"Mumeo katoa taarifa kwamba umetekwa, na Ijumaa anafanya mkesha. Mke aliyeondoka ni aibu, mama. Mke aliyetekwa ni ushuhuda."

"Nenda ukawaambie umeniona."

"Ningekwenda. Lakini mkuu wangu wa kazi ni mzee wa kanisa lenu, atasema nimeota. Nikifuata njia ya karatasi, mwalimu wa kwaya atalala rumande siku nyingi. Wewe ukisimama pale kwa miguu yako, anatoka leo."

"Wakiniona wamenishika. Wewe huwajui. Hawatumii nguvu. Wananisalimia, mimi naitikia, wananishika mkono, na kabla sijajua nimekaa benchi la mbele." Alitazama pazia alilotoka, kisha gauni la rangi ya majani kwenye cherehani. "Dada, limebaki nini hilo?"

"Pindo," alisema fundi.

"Liache bila pindo."

Alilivaa mwenyewe. Alifunga vifungo kimoja kimoja, akivitazama, na hakuna aliyemharakisha.

Uwanja wa kituo ulikuwa umejaa weupe. Mama Kamati alikuwa ameleta idara nzima na mabango, na walikuwa wakiimba mbele ya gari la mahabusu ili safari ya mwalimu wa kwaya isiharibike njiani. Mchungaji alisimama kwenye ngazi za kituo, mkuu wa kituo pembeni yake, na mwalimu mwenyewe alikuwa mlangoni, pingu mkononi, koplo amemshika. Ndimu aliingia getini akifuatana na mwanamke mwenye gauni la rangi ya majani lisilo na pindo, kichwa wazi. Walifika katikati ya uwanja kabla mtu hajamtambua. Wimbo ukakatika vipande vipande.

Mtu mwingine angezimia. Mchungaji hakuzimia, na hapo Ndimu alikiri moyoni kwamba jamaa anaijua kazi yake. Alikodoa macho kwa pumzi moja tu, kisha akatanua mikono, leso inapepea.

"Bwana asifiwe!" alinguruma. "Amerudishwa!"

"Amina!" uwanja ulijibu. Mkuu wa kituo alijibu. Koplo alijibu.

Mkewe hakujibu.

Mchungaji alishuka ngazi, akamsogelea na ile sauti ya chini ya kumbembeleza mgonjwa. "Bwana asifiwe, mama."

Ndimu, aliyekuwa ubavuni pa mwanamke, aliona midomo yake ikianza. Ilijikusanya, ilifunguka kidogo. Kisha mwanamke akaibana midomo kwa meno, akakaa nayo hivyo hadi ikatulia.

"Habari za mchana," alisema.

Kina mama walitazamana. Mmoja alijishika kifua.

"Sikutekwa," aliendelea, na sasa ilikuwa ile sauti ya kuvuta kanisa zima, uwanja wote ulisikia. "Jumapili, mezani, nilikuambia naondoka na sirudi. Ukasema, sawa, nipe chumvi. Nikakupa chumvi. Nikaondoka."

"Mke wangu ana uchovu," Mchungaji aliwaambia watu. "Mambo mengine anatia chumvi."

"Nani aliyeiomba, Mchungaji?" aliuliza Ndimu.

Kicheko kilitokea nyuma, kwenye safu ya weupe, kikazibwa kwa haraka, na kikatokea kingine mahali pengine. Mchungaji alikigeukia kwa mkono ulioinuliwa.

"Bwana asifiwe!" alisema, safari hii kwa kuomba.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama mkewe.

"Amina!" aliitikia mlevi kutoka mahabusu. "Leteni basi na chai!"

Ndimu alichukua funguo kwa koplo, akazifungua pingu mwenyewe. Mkuu wa kituo alikuwa ameanza kutafuta miwani mifukoni. "Afande," Ndimu alimwambia, "kudanganya polisi ni kosa, utamsomea mwenyewe kifungu au nimsomee mimi?" Halafu akamwonyesha Mchungaji benchi la mbao pale ukutani, lile la walalamikaji na walalamikiwa. "Kaa, Mchungaji. Tuanze upya. Mara ya mwisho kumwona mkeo, alikuambia nini?"

Mchungaji alikaa. Mwalimu wa kwaya alikuwa anatembea kuelekea getini kwa kuchechemea, na mwanamke wa gauni la rangi ya majani alimshika kiwiko ili asijikwae. Mama Kamati ndiye aliyeamka kwanza. Aliwasukuma wenzake, akakimbia hadi katikati ya uwanja, akapaza sauti iliyokuwa imemsimamisha mwanamke yule kwa miaka yote, jikoni, msibani na mlangoni mwa chumba chake mwenyewe.

"Mama Mchungaji! Mama Mchungaji!"

Hakugeuka. Hakukaza mwendo wala hakuupunguza. Alitoka getini akatembea vile mtu anavyotembea barabarani akisikia mwingine anaitwa.